Los Angeles au Chicago: Wapi pa Kuanzia kwa Anayetaka Kuifahamu Familia ya Kimeksiko Nchini Marekani

Mzungumzaji wa Kiswahili aliyefika Marekani kwa masomo, kwa kazi au kwa ndoa hukutana na Wameksiko mapema kuliko alivyotarajia. Ndio wenzake darasani, ndio majirani wa ghorofa ya chini, na kama ni Mkatoliki, mara nyingi ndio wanaojaza misa ya mchana katika parokia anayosali. Hamu ya kuwafahamu kwa undani zaidi ya salamu za ngazini ikishamwingia, hutajiwa miji miwili ya kwenda kuwatazama wakiishi kifamilia na si kikazi tu, nayo ni Los Angeles na Chicago. Katika sensa ya mwaka 2020, karibu nusu ya wakazi wa jiji la Los Angeles na karibu asilimia 30 ya wakazi wa Chicago walijitambulisha kuwa na asili ya Amerika ya Kilatini, na katika miji yote miwili walio wengi kati yao ni watu wa asili ya Meksiko. Kwa hiyo hakuna mji utakaomnyima mgeni watu wa kuwaona. Tofauti iko katika kile ambacho kila mji unakionyesha waziwazi na kile unachokificha nyuma ya uzio, na kwa mtu mwenye siku chache na nauli ya safari moja tofauti hiyo si ndogo. Mimi ningeanza Chicago, ingawa kwa historia Los Angeles ndiyo kongwe na kwa idadi ndiyo kubwa.

Tuanze na huo ukongwe. Los Angeles ilianzishwa mwaka 1781, chini ya utawala wa Kihispania, na walowezi 44 waliotoka kaskazini ya Meksiko ya leo; zaidi ya nusu yao walikuwa na damu ya Kiafrika, jambo ambalo msomaji wa Afrika Mashariki haambiwi mara nyingi anapoonyeshwa picha za mji wa sinema. Meksiko ilipopata uhuru mwaka 1821 mji huo ukawa wa Meksiko, na baada ya vita na Marekani, mkataba wa Guadalupe Hidalgo wa Februari 1848 ukauhamishia upande wa pili pamoja na watu wake. Ndiyo maana huko husikika kauli kwamba wao hawakuuvuka mpaka, bali mpaka ndio uliowavuka. Kauli hiyo ina ukweli, lakini isimpoteze mgeni: familia nyingi za Kimeksiko anazozikuta leo mashariki ya Los Angeles hazitokani na wakazi wa 1848, bali na watu waliokimbia mapinduzi ya Meksiko yaliyoanza mwaka 1910, pamoja na wale waliofuata kwa vizazi, wakiitwa na mashamba, viwanda vya nguo na ujenzi wa nyumba.

Chicago haina kisingizio cha aina hiyo. Iko karibu kilomita 2,000 kutoka mpakani, na hakuna Mmeksiko aliyejikuta huko kwa sababu ramani ilichorwa upya. Walianza kufika kwa wingi katika miaka ya Vita vya Kwanza vya Dunia na ile iliyofuata, wakiajiriwa kutandika reli, kuyeyusha chuma kusini mwa jiji na kuchinja ng'ombe katika machinjio yaliyokuwa makubwa kuliko yote nchini. Wengi walikuwa wanaume peke yao. Wake na watoto walifuata baadaye, wengine hawakufuata kabisa. Katika miaka ya 1960, ujenzi wa chuo kikuu cha serikali karibu na katikati ya jiji uliwaondoa wengi katika mtaa waliokuwa wameuzoea, nao wakahamia kusini kidogo, katika mtaa wa Pilsen, uliokuwa umepewa jina hilo na Wacheki kwa kuukumbuka mji wao wa Plzeň. Hadi leo, ukiinua macho katika Barabara ya 18, utaona majina ya Kicheki yamechongwa juu ya majengo ambayo chini yake wanauza nyama ya nguruwe iliyokaangwa kwa mtindo wa Michoacán, jimbo la Meksiko. Kwa kuwa kila kitu kilikuwa cha kujengwa upya, mbali na nyumbani na katika baridi, Wameksiko wa Chicago walilazimika kujipanga kwa vyama, parokia na makumbusho, na mpango huo ndio unaomrahisishia mgeni kazi.

Jambo moja ni la miji yote miwili na halifai kurukwa. Uchumi ulipoanguka mwishoni mwa mwaka 1929, Wameksiko walionekana mzigo. Tarehe 26 Februari 1931 maofisa waliuzingira uwanja wa zamani wa Los Angeles na kuwashikilia watu wapatao 400 ili kukagua hati zao; mwaka uliofuata, katika ukanda wa chuma wa Indiana unaopakana na Chicago, familia zilipakiwa katika treni kurudishwa kusini. Miongoni mwa walioondoka walikuwamo watoto wengi waliozaliwa Marekani, raia kamili, waliopelekwa katika nchi wasiyoijua kwa sababu baba au mama hakuwa na makaratasi. Neno hilo tunalolitumia sisi ughaibuni, makaratasi, Wameksiko nao wanalo hivyohivyo katika Kihispania chao, na uzito wake ni uleule.

Sasa mgeni ashuke mitaani. Huko Chicago atapanda treni ya njia ya waridi hadi kituo cha Barabara ya 18, ambacho kuta na ngazi zake zimechorwa picha za Kimeksiko, kisha atatembea dakika chache hadi Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Meksiko. Taasisi hiyo ilianzishwa mwaka 1982 na walimu wa shule wakiongozwa na Carlos Tortolero, ikafungua milango mwaka 1987, na haitozi kiingilio. Si jambo dogo kwa familia yenye watoto wanne. Kutoka hapo basi namba 60 litampeleka hadi Barabara ya 26, katika mtaa uitwao Little Village, au La Villita kwa wenyewe, ambako lango la matao limejengwa juu ya barabara kuwakaribisha watu. Hapo hakuna maonyesho yoyote. Kuna maduka ya mikate, ya viatu vya ngozi, ya kutuma fedha, ya magauni, na watu wanaofanya manunuzi ya wiki. Kwa siku moja, bila gari, mgeni ameona mtaa unaokumbukwa na mtaa ambamo watu wanaishi.

Los Angeles haimhurumii asiye na gari. Kuna treni inayofika Mariachi Plaza katika mtaa wa Boyle Heights, ambako wapiga muziki waliovaa suti zenye vifungo vya fedha husubiri kukodiwa kwa ajili ya ubatizo, harusi na mazishi, na kuna soko la ghorofa liitwalo El Mercado ambalo limekuwapo tangu mwaka 1968. Lakini maisha yenyewe yametapakaa katika wilaya nzima ya Los Angeles, yenye watu wapatao milioni 10, na umbali kati ya shangazi na mpwa wake unaweza kuwa saa nzima barabarani. Wageni wengi hukatishwa tamaa kwa sababu huanzia Olvera Street, kijia cha vibanda vilivyopangwa mwaka 1930 ili kuwavutia watalii. Kijia hicho kina mambo yake, ikiwamo picha ya ukutani ya mchoraji David Alfaro Siqueiros ya mwaka 1932, iliyopakwa chokaa kwa kuwa iliwaudhi wenye mamlaka, ikaja kufunguliwa tena kwa umma mwaka 2012. Hata hivyo, anayetafuta familia avuke barabara aingie kanisa dogo lililo mkabala, liitwalo La Placita, siku ya Jumapili, atazame wazazi waliopanga foleni na vichanga vilivyovalishwa nguo nyeupe.

Ubatizo ndio mlango wa kuielewa familia hii. Kwa Wameksiko, anayemsimamia mtoto katika ubatizo hawi msimamizi wa mtoto tu; anakuwa compadre au comadre wa wazazi, na uhusiano huo wa watu wazima kwa watu wazima ndio mzito zaidi. Compadre hukopwa fedha, huulizwa kuhusu kazi, hulaza wageni, na hawezi kukataliwa jambo hovyo. Uhamiaji umeuongezea uhusiano huo thamani, kwa kuwa mtu aliyeziacha koo mbili kijijini huweza kujijengea ukoo mwingine mjini kwa maji ya ubatizo. Mswahili hatapata shida kuelewa. Ni kama utani wa makabila na ujirani wa mtaa vikiunganishwa, kisha vikatiwa muhuri wa kanisa.

Vivyo hivyo sherehe ya msichana anapotimiza miaka 15, quinceañera, itamfanya mgeni kutoka Dar es Salaam au Nairobi atabasamu kwa kuutambua mchezo. Kuna misa, kuna gauni pana mithili ya mwavuli, kuna baba anayembadilisha binti viatu vya kawaida kwa vya visigino na kucheza naye dansi ya kwanza. Nyuma ya hayo yote kuna michango. Mmoja ni mfadhili wa keki, mwingine wa viatu, mwingine wa muziki, mwingine wa ukumbi, na kila mmoja hutajwa kwa heshima. Kamati za michango si zetu peke yetu. Tofauti na michango yetu ya harusi, hapa mara nyingi mtu hupewa kitu mahususi cha kugharimia, na kitu hicho humfunga na msichana maisha yote, kiasi kwamba miaka 20 baadaye bado ataitwa mfadhili wa viatu.

Hapa ndipo miji inapotofautiana kwa namna inayomhusu mgeni moja kwa moja. Los Angeles hali ya hewa huruhusu karamu ifanywe uani, na nyumba nyingi zina ua. Turubai hufungwa, nyama huchomwa, muziki husikika mitaa mitatu, lakini geti limefungwa na ndani ni walioalikwa. Familia iko wazi kwa masikio na imefungwa kwa macho. Chicago, ambako kwa miezi mitano uani hakukaliki, sherehe huhamia katika kumbi za parokia na kumbi za kukodi, na maandalizi yake hufanyika hadharani kwenye maduka ya magauni ya Barabara ya 26, ambako mama, bibi, shangazi na wafadhili wawili hukaa kwenye viti wakitoa hukumu juu ya rangi. Asiye na mwenyeji ataona mengi zaidi katika mji wa baridi. Mwenye mwenyeji wa kumfungulia geti huko Los Angeles, basi asisite. Ua mmoja una thamani ya makumbusho mawili.

Atakachokisikia popote ni adabu ya ndani ya nyumba. Mtoto wa Kimeksiko aliyelelewa kwa desturi, akiitwa na mkubwa, haitikii kwa kuuliza "nini?", bali husema "mande", yaani niamuru. Ni abee na labeka yetu, tena wapo miongoni mwa vijana wao wanaolichukia neno hilo kwa kuona lina harufu ya utumwa wa zamani, kama ambavyo wapo kwetu wanaobishana juu ya shikamoo. Bibi na babu husemeshwa kwa kiwakilishi cha heshima, na katika familia nyingi anayeondoka kwenda safari huombewa baraka mlangoni.

Kwa upande wa sikukuu, mashindano ni makali. Mashariki ya Los Angeles kuna maandamano ya Bikira Maria wa Guadalupe yaliyoanzishwa mwaka 1931 na Wakatoliki waliokuwa wamekimbia mateso ya dini nchini Meksiko, nayo hufanyika mwanzoni mwa Desemba, kabla ya sikukuu yenyewe ya tarehe 12. Chicago hujibu kwa madhabahu ya Bikira huyohuyo katika kitongoji cha Des Plaines, ambako usiku wa tarehe 11 Desemba umati mkubwa hufika, wengine kwa miguu, katika theluji. Kwa Ijumaa Kuu, hata hivyo, sioni kinachoifikia Pilsen: tangu mwaka 1977 waumini huigiza Njia ya Msalaba hai katika Barabara ya 18, Yesu akibebeshwa msalaba mbele ya vinyozi na mabucha, na mitaa yote hufuata nyuma. Siku ya Wafu, tarehe 1 na 2 Novemba, ambapo familia huwawekea marehemu wao madhabahu, ilianza kuadhimishwa hadharani Los Angeles katika miaka ya mwanzo ya 1970 kwa juhudi za wasanii waliokusanyika Self Help Graphics, kituo kilichoanzishwa na mtawa Karen Boccalero. Chicago, makumbusho ya Pilsen yameifanyia maonyesho kila mwaka tangu 1987. Sherehe za Los Angeles ni kubwa na zina shamrashamra. Za Chicago humpa mgeni nafasi ya kusoma kadi iliyoandikwa na mjukuu na kuwekwa kando ya picha ya babu, mkate, chumvi na maua ya njano, na nadhani hiyo ndiyo maana ya madhabahu hizo.

Fedha nazo husimulia familia. Mwaka 2023 Wameksiko walioko nje walituma nyumbani zaidi ya dola bilioni 60, sehemu kubwa sana ikitoka Marekani. Katika miji yote miwili kuna vyama vya watu wa kijiji kimoja, vilivyochangishana kujenga visima, barabara na kukarabati makanisa, na serikali ya Meksiko kwa miaka mingi iliviunga mkono kwa mpango wa Tres por Uno, ambapo kila dola ya wahamiaji iliongezewa tatu za serikali za ngazi mbalimbali. Chicago, yenye watu wengi wa Michoacán, Guerrero, Jalisco na Zacatecas, vyama hivyo vina nguvu na ofisi zake zinaonekana. Zamani baba alikuja, akafanya kazi msimu, akarudi. Mpaka wa nchi hizo mbili ulipoanza kuwekewa ulinzi mkali kuanzia mwaka 1994, kuvuka kukawa ghali na hatari, na wale waliokuwa wakienda na kurudi wakaamua kubaki na kuwaleta watoto. Ulinzi uliokusudiwa kuwazuia ndio uliowafanya wahamie moja kwa moja. Matokeo yake ni wazazi waliozeeka vijijini bila kuwaona watoto wao kwa miaka 20 au zaidi. Jimbo la Michoacán lina mpango uitwao Palomas Mensajeras, njiwa wapeleka ujumbe, unaowasaidia wazee hao kupata viza ya kuja kuwatembelea watoto wasioweza kusafiri. Aliyewahi kufuatilia mazishi ya mzazi wake kwa simu ya video hatahitaji kuelezwa zaidi.

Kuhusu watoto, Los Angeles ina kina ambacho Chicago haijakifikia. Huko kuna kizazi cha tatu na cha nne, waliojiita Chicano na kulifanya jina hilo kuwa la fahari, ambao mwezi Machi 1968 walitoka madarasani kwa maelfu mashariki ya jiji, wakiungwa mkono na mwalimu Sal Castro, kudai elimu iliyo sawa. Wengi wao hawasemi Kihispania vizuri, nao hutaniwa kwa hilo na binamu zao wa Meksiko, huku Wamarekani wenzao wakiwauliza wametoka wapi. Ndio wenye msemo wa "ni de aquí, ni de allá", si wa huku wala wa kule. Los Angeles pia ndiko waliko Wazapoteki wengi, wenyeji wa asili wa jimbo la Oaxaca kusini mwa Meksiko, ambao Kihispania kwao ni lugha ya pili. Mtoto wao hukua na Kizapoteki kwa bibi, Kihispania sokoni na Kiingereza shuleni, na aliyekulia kwenye Kichaga au Kijaluo, Kiswahili na Kiingereza atamwelewa kuliko mwalimu wake anavyomwelewa. Anayefuata habari ya lugha na utambulisho, basi, ageuze ushauri wangu na aende Los Angeles kwanza.

Anayefuata habari ya wazazi abaki Chicago, na aombe aonyeshwe shule ya sekondari ya Little Village. Serikali ya jiji iliahidi kuijenga, fedha zikaelekezwa kwingine, na tarehe 13 Mei 2001, siku ambayo Wamarekani huadhimisha Siku ya Mama, watu 14, wakiwamo mama na bibi wa mtaa, waliweka mahema kwenye kiwanja kilichotengwa na kugoma kula kwa siku 19. Shule ilifunguliwa mwaka 2005. Sijui jiwe la msingi linaloeleza zaidi kuhusu akina mama hawa kuliko majengo hayo.

Neno la tahadhari kuhusu wakati. Mwezi Juni 2025 misako ya maofisa wa uhamiaji iliitikisa Los Angeles, na kuanzia Septemba ikahamia Chicago, Little Village ikiwa miongoni mwa mitaa iliyoguswa sana. Watu wakawa waangalifu na mgeni anayesimama akiwatazama. Usipige picha ya uso wa mtu bila ruhusa, usimuulize mtu alifikaje wala ana hati gani, na usidhani rangi yako itakufanya uaminiwe papo hapo. Nunua mkate, kaa, salimu kwa Kihispania chochote ulicho nacho.

Kwa Chicago, wiki ya mwisho ya Oktoba ndiyo bora: maonyesho ya wafu yamekwisha funguliwa, baridi bado inavumilika, na alfajiri katika Barabara ya 26 wauzaji wa tamale, unga wa mahindi uliofungwa kwa maganda na kupikwa kwa mvuke, huanza kusimama na vyungu vyao pamoja na uji mzito wa chokoleti. Kwa Los Angeles, nenda Desemba mwanzoni, kodi gari, na uwe umepata mwaliko.